Maswali ya Gereji: Injini Iliyolala Miaka

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja: gari la zamani limekaa miaka, sasa mwenyewe au warithi wanataka kusikia injini ikinguruma tena. Tumechagua barua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, maana kazi nyingi zinafanana. Zinazofuata zinagusa yale ambayo kila injini ina tabia yake.

Shikamooni mafundi. Marehemu baba alituachia Land Rover 109 Series III ya petroli, pikapu, iko juu ya mawe hapa Tanga tangu mwaka 2009. Haikusimama kwa ubovu. Baba aliacha kuendesha kwa sababu ya macho. Kijana wa jirani anasema tununue betri mpya, tutie petroli lita 5, tupige stata, na ikigoma tuivute kwa kamba. Mjomba anasema tukifanya hivyo tutaiua. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Tanga

Marahaba. Mjomba yuko sahihi, na tunaomba asikilizwe kabla kamba haijafungwa.

Injini ikisimama, oili yote hushuka taratibu hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Beringi, kemshafti (mhimili unaofungua valvu) na kuta za silinda hubaki na utando mwembamba tu, na baada ya miaka hata huo huisha. Zaidi ya hapo, injini haisimami valvu zote zikiwa zimefunga. Daima kuna silinda moja au mbili ambazo valvu yake imebaki wazi, na hewa ya chumvi ya Tanga imekuwa ikiingia humo usiku na mchana. Kutu huota ukutani mwa silinda pale pale ringi za pistoni zilipokaa. Valvu nayo hushikwa na kutu kwenye njia yake. Stata haina macho: inasukuma tu. Ringi iliyonasa itavunjika, na valvu iliyonasa itapinda pushirodi, kijiti kinachoisukuma. Kuvuta kwa kamba ni kubaya zaidi, maana uzito wa gari zima linalovuta unaingia kwenye kifaa kimoja kilichoshika, na hakuna wa kuhisi kwa mkono kwamba kuna kitu kinakataa.

Kwa hiyo kazi ya siku ya kwanza si kuwasha. Ondoeni betri ya zamani kabisa. Fungueni chombo cha kusafishia hewa mtazame kama panya wamejenga humo. Fuateni nyaya zote kwa vidole kutoka kwenye koili hadi kwenye stata. Waya uliotafunwa ngozi ukigusa bodi ni moto. Tazameni pia bomba la moshi na tundu la kupumulia la tangi. Nyigu wa udongo hupenda sana matundu ya kipenyo hicho, na tangi lisilopumua litaizima injini baada ya dakika chache, mkabaki mnalaumu kabureta.

Halafu oili. Fungueni nati ya chini ya sampu polepole, mkiwa mmekinga chupa safi ya kioo. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hukaa chini na hutoka kwanza. Yakitoka matone kadhaa, ni unyevu wa miaka, msihofu. Ikitoka glasi nzima, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, basi maji ya rejeta yanaingia ndani, kupitia gasketi ya hedi (kichwa cha injini) au ufa, na hapo mambo ya kuwasha yasimame hadi hedi ifunguliwe. Ikiwa ni nyeusi tu, badilisheni filta na mtie oili mpya ya 20W-50. Injini hii ya sentimita za ujazo 2,286 inachukua lita 6, na filta lita 0.85 juu yake. Msinunue oili ya bei kubwa kwa sasa, kwa sababu hii mtaimwaga tena.

Sasa plagi. Kabla hamjazitoa, pulizeni vumbi kuzunguka kila moja kwa pampu ya tairi, la sivyo mchanga utaingia ndani. Andikeni namba kwenye waya. Silinda ya kwanza iko mbele, upande wa rejeta. Katika kila tundu mimineni vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30 hivi, za mchanganyiko wa oili ya gia za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Asetoni huifanya oili iwe nyepesi ipenye kwenye kutu, kisha yenyewe huruka na kuiacha oili mahali pake. Mkikosa asetoni, oili nyepesi peke yake inafaa, ila mngoje zaidi. Asetoni inashika moto upesi sana, hivyo sigara na jiko viwe mbali.

Acheni siku mbili. Wakati huo fungueni mfuniko wa juu wa roka, ile mikono midogo inayobonyeza valvu, una nati tatu, mkamwage oili safi nusu lita polepole juu ya roka zote ili iteremke hadi kwenye kemshafti. Mfuniko msiurudishe bado.

Land Rover hizi zina heri moja ambayo magari mengi ya baadaye hayana, nayo ni tundu la hendeli mbele. Gia iwe huru, plagi ziwe nje. Ingizeni hendeli mzungushe taratibu, mtu mmoja akizungusha na mwingine akitazama roka. Kila valvu lazima ishuke na irudi juu yenyewe. Isiyorudi imenasa; itieni mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina, igongeni kidogo kwa mpini wa mbao wa nyundo, mrudishe nyuma, mzungushe tena. Mkisikia injini imegoma kabisa mahali fulani, msilazimishe. Rudini nyuma robo mzunguko, mje mbele, mrudi, mje. Hendeli inasema mambo mengi mkononi: kutu laini huhisi kama mchanga, kitu kilichonasa huhisi kama ukuta.

Namna ya kushika hendeli ni muhimu kwa mifupa yenu. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke mpini. Vuteni kwenda juu, msisukume kwenda chini. Siku mtakayowasha kwa hendeli, injini ikirudi nyuma, itaupokonya mpini mkononi badala ya kuvunja kifundo.

Ikishazunguka mizunguko miwili kamili bila kizuizi, pimeni nafasi ya tapeti, yaani upenyo kati ya roka na valvu, kwa fila geji (vibati vya kupimia upenyo): milimita 0.25 kwa valvu zote nane. Valvu ambayo nafasi yake imekuwa kubwa ghafla kuliko wenzake huenda pushirodi yake imepinda au imechomoka.

Tukija kwenye mafuta, petroli ya mwaka 2009 si petroli tena. Sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika cheche, ziliruka zamani, na kilichobaki kinanuka kama rangi ya zamani na kinaganda kuwa gundi. Kimwageni chote. Tangi lenu liko chini ya kiti. Litoeni mlitazame kwa tochi, na tafadhali iwe tochi tu. Kama ndani kuna kutu ya unga, siki ya dukani iliyojaa hadi juu kwa siku moja au mbili itaila. Kisha suuzeni kwa maji yenye magadi ya kupikia na mkaushe kabisa juani. Msikubali fundi yeyote achomelee tangi lililowahi kuwa na petroli kwa sababu eti limekauka. Mvuke uliobaki kwenye mikunjo unatosha kulilipua usoni pake.

Kwa kuwasha mara ya kwanza, liacheni tangi kando. Chukueni dumu safi la lita 5 na mpira mpya wa petroli, muunganishe moja kwa moja kwenye pampu, dumu likae mbali na bomba la moshi. Pampu ni ya mekanika, ubavuni mwa injini, na ina kijiti cha kupampu kwa mkono. Pampuni mara ishirini hivi hadi kabureta ijae. Hapa kuna jambo ambalo watu hulipita: ngozi ya ndani ya pampu hukakamaa na kupasuka kwa kukaa kavu, na ikipasuka petroli haimwagiki chini mkaiona. Inashuka ndani ya sampu. Kwa hiyo baada ya kupampu, chomoeni dipstiki muinuse. Ikinuka petroli, au kiwango kimepanda, simamisheni kila kitu, badilisheni ngozi ya pampu, mwageni oili. Injini ikizunguka na oili iliyochanganyika na petroli, beringi huisha kwa dakika.

Kabureta, kama bado ni Zenith 36IV, fungueni sehemu ya juu. Jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, zitakuwa zimeziba. Msizichokonoe kwa waya wa chuma, maana tundu lake limepimwa na mkilipanua gari litakula mafuta maisha yake yote. Mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki unatosha, mko Tanga hamtaukosa, kisha hewa ya kompresa. Boya litikiseni sikioni. Kimiminika kikicheza ndani, limetoboka. Kabla ya kufunga, wekeni uso wa kifuniko juu ya kioo tambarare. Kabureta hizi zina ugonjwa wa kupinda uso, hewa ikapenya katikati, injini ikakataa kutulia bila kukanyagiwa mafuta. Badilisheni na ringi ya mpira iliyo kati ya sehemu hizo mbili.

Umeme ni mwepesi. Platini, vile vibati vya kukata na kuunganisha umeme ndani ya distributa, zinapokaa huota utando ambao macho hayauoni lakini unakata moto. Pitisheni msasa mwembamba kati yake, kisha kipande cha karatasi nyeupe chenye spiriti, hadi kitoke safi. Nafasi iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40, plagi 0.75 hadi 0.80. Betri ya volti 12; Series III inafunga waya hasi kwenye bodi. Walio na Series II au IIA za mwanzo wawe macho, zile zilifunga waya chanya kwenye bodi. Mtandao wa moto, yaani zamu za silinda kupata cheche, ni 1-3-4-2.

Maji nayo: fungueni koki ya chini ya rejeta na ile ya ubavuni mwa bloku. Ya bloku karibu kila mara imeziba kwa tope la kutu. Ichokonoeni kwa waya hadi maji yatoke, halafu pitisheni maji safi kutoka juu hadi yawe meupe. Badilisheni mipira yote ya rejeta hata kama inaonekana mizuri. Ukiubonyeza mpira ukasikia unapasuka kama karatasi ndani, umekwisha.

Siku ya kuwasha, plagi bado ziwe nje. Chomoeni waya wa koili usitoe cheche, funikeni matundu kwa kitambaa, na wote wakae mbali na upande huo kwa sababu oili mliyoimwaga ndani itaruka. Pigeni stata kwa sekunde 10, pumzisheni nusu dakika, rudieni, hadi taa ya oili izime. Hii inajaza njia zote za oili kabla injini haijabeba mzigo wowote. Mkiisahau hatua hii mkafunga plagi silinda zikiwa na oili nyingi, pistoni itakutana na kimiminika kisichobanika, na koneti rodi itapinda.

Sasa fungeni plagi, rudisheni mfuniko wa roka, vuteni choki, washeni. Gari liwe nje, si ndani ya banda, maana moshi wake una gesi inayoua bila kunuka. Mtu mmoja asimame na kizima moto cha unga au ndoo ya mchanga. Ikiwaka, msiipe mafuta kwa nguvu kushangilia. Ikae mizunguko kati ya 1,000 na 1,500 kwa dakika. Taa ya oili isipozima ndani ya sekunde 10, zimeni. Moshi wa bluu kwa dakika kumi za kwanza ni ile oili ya silinda inaungua. Ikifika nusu saa bado bluu, ringi zimenasa au zimechoka. Mara nyingi zilizonasa huachia zenyewe baada ya kilomita mia mbili tatu. Moshi mweupe usiokoma huku maji ya rejeta yakipungua ni gasketi ya hedi.

Baada ya nusu saa zimeni, mwageni oili ingali moto, badilisheni filta tena. Mtashangaa ilivyotoka chafu. Oili nzuri sasa ndiyo wakati wake.

Tatizo moja litakalowakuta karibu kwa hakika: klachi imegandamana na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), mkikanyaga pedeli gia hazingii. Kanyageni pedeli mpaka chini, wekeni ubao kati yake na kiti, muache usiku mbili. Kisha injini ikiwa imezimwa, gia ya nne, ubao ukiwa pale pale, watu wanne wasukume gari mbele na nyuma kwa mitikisiko. Itaachia kwa mlio mfupi. Na msitoke nje ya uwanja hadi breki zote, silinda za magurudumu na mipira yake, zimefunguliwa na kutengenezwa.

Nina Peugeot 504 ya mwaka 1982, karabureta, iliyolala tangu 2012 hapa Machakos. Nimejaribu kuzungusha injini kwa spana, haisogei hata nywele. Fundi anasema tutoe hedi tugonge pistoni kwa mti. Je, ni sawa? – Msomaji, Machakos

Msitoe hedi bado. Ni injini imara; 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na barabara za Kenya zinaijua vizuri. Lakini imejengwa kwa namna inayomwadhibu mwenye haraka. Silinda zake si sehemu ya bloku. Ni mikebe ya chuma iliyosimama ndani ya maji, inayoshikiliwa chini na hedi yenyewe. Hedi ikitoka, hakuna kinachoibana. Ukigonga pistoni iliyoshika, mkebe mzima utasogea pamoja nayo, muhuri wa chini utaachia, na kuanzia siku hiyo maji yatakuwa yanashuka kwenye oili. Kama itabidi hedi itoke, kwanza fungeni mikebe kwa bolti zenye washa pana, na krankishafti, mhimili mkuu wa injini, isizungushwe hata kidogo kabla ya hapo.

Anzeni na plagi. Kwenye hii zimezama ndani ya visima virefu vya mfuniko wa juu, navyo kwa miaka kumi vimejaa vumbi na maji ya kutu. Vipulizeni na kuvinyonya visafi kwanza. Kisha mimineni ule mchanganyiko tuliomweleza msomaji wa Tanga, lakini si mililita 30. Injini hii imelala ubavu kwa digrii kama 45, kwa hiyo kimiminika hukusanyika upande wa chini wa pistoni na upande wa juu unabaki mkavu, na ndiko kutu inakoshika. Jazeni mililita 100 kila silinda, mrudishe plagi kwa vidole tu, mngoje wiki nzima, mkiongeza kila kiwango kinaposhuka. Kinachopungua kinapita kwenye ringi, na hiyo ni habari njema.

Baada ya wiki, plagi nje, gia ya nne, sukumeni gari mbele na nyuma kwa mikono. Mtikisiko mdogo wa mara nyingi unafaa kuliko nguvu kubwa ya mara moja. Ikigoma, rudieni wiki ya pili na ya tatu. Tunajua subira hii inauma, lakini wiki tatu za kungoja hazigharimu chochote kikilinganishwa na kufungua injini yote. Kabla ya kupiga stata, kumbukeni kuna karibu nusu lita ya kitu humo ndani. Kinyonyeni kwa mpira mwembamba na bomba la sindano, kisha badilisheni oili ya sampu, kwa sababu sehemu ya asetoni na oili ile imeshashuka huko. Sampu inachukua lita 4.

Vipimo vyake: platini milimita 0.40, plagi 0.60, valvu za kuingiza 0.10 na za kutoa 0.25 injini ikiwa baridi. Mtandao ni 1-3-4-2, lakini hesabu zianzie nyuma. Silinda ya kwanza ya Peugeot hii iko upande wa flaiwili, karibu na dereva. Mafundi waliozoea magari ya Kijapani huihesabu kutoka mbele, wakafunga nyaya kinyume, injini ikarudisha moto kwenye kabureta.

Volkswagen Beetle ya 1600 ya mume wangu imekaa miaka minane. Fundi ameiwasha, imewaka vizuri, lakini ndani ya gari kunanuka petroli. Anasema ni kawaida ya gari la zamani. Nina wasiwasi. – Mama msomaji, Nakuru

Mama, wasiwasi wako ni wa haki. Tafadhali gari lisiwashwe tena hadi mipira yote ya petroli ibadilishwe leo au kesho. Si kawaida hata kidogo. Beetle nyingi zimeungua kwa njia hii hii.

Tangi la gari hili liko mbele na injini iko nyuma, hivyo petroli inasafiri gari zima. Kuna mpira chini ya tangi, mwingine bomba la chuma linapotokea karibu na gia, mwingine unapopenya bati la mbele ya injini, na mwingine kati ya pampu na kabureta. Yote ikatwe na iwekwe mipya ya kipenyo cha ndani cha milimita 5, kila kiungo na klipu yake. Fundi atazame pia kijibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta. Kimebanwa tu kwa kupigiliwa, na kwa mtetemo huchomoka, petroli ikamwagikia distributa na jenereta, sehemu mbili zinazotoa cheche. Na kama kuna filta ya plastiki inaning'inia ndani ya chumba cha injini, ihamishiwe chini, upande wa gia. Kasha la injini ni la aloi ya magnesiamu. Likishika moto, maji hulichochea.

Mwambie pia ainue kiti cha nyuma atazame betri, iliyo chini yake upande wa kulia. Iwe na mfuniko. Springi za kiti zikigusa nguzo za betri mtu anapokaa, kiti huwaka.

Jambo la mwisho kwako ni panya. Injini hii inapozwa kwa hewa tu, na ndani ya kasha la feni ndimo wanamopenda kujenga. Kiota kikiziba njia ya hewa, silinda moja itaungua huku wewe hujui, kwani gari halina kipimo cha joto. Kasha litolewe, lisafishwe. Oili lita 2.5, chujio la chini lifunguliwe na kuoshwa kwa mafuta ya taa, valvu 0.15 injini ikiwa baridi kabisa.

Gari langu la mwaka 1971 lilitengenezwa kwa petroli yenye risasi. Nikilifufua sasa, petroli ya leo haitaharibu valvu? – Msomaji, Morogoro

Risasi iliondolewa kwenye petroli ya nchi zetu kufikia mwanzoni mwa 2006. Kama gari lako lilitembea baada ya hapo, limekwisha itumia petroli isiyo na risasi. Kama hedi ni ya aluminiamu, viti vya valvu kwa kawaida ni vya chuma kigumu kilichopachikwa, huna haja ya kuhangaika. Kama hedi ni ya chuma cha kusubu, pima nafasi ya valvu za kutoa moshi kila kilomita 3,000. Nafasi ikizidi kubana kila unapopima, valvu inazama kwenye kiti chake, na hedi iende kwa mtaalamu wa mashine akapachike viti vigumu. Usinunue vichupa vya dawa kabla hujapima.

Mimi naishi Muscat, Land Cruiser yangu ya zamani iko Zanzibar. Mwaka jana nilihangaika wiki nne kuifufua. Sasa naondoka tena miaka 2. Ndugu yangu ameahidi kuiwasha dakika tano kila Jumapili. Inatosha? – Msomaji, Muscat

Mshukuru ndugu yako, lakini mwombe asiiwashe. Injini inapowaka hutengeneza maji. Dakika tano hazitoshi kuipasha hadi maji hayo yaruke, hivyo yanabaki kwenye oili na ndani ya bomba la moshi. Jumapili hamsini za namna hiyo huozesha kuliko kuacha kabisa. Ama aliendeshe kilomita 20 mpaka lipate moto barabara, ama alilaze.

Kwa kulilaza: badilisha oili kabla ya kuondoka, si ukirudi, kwa kuwa oili iliyotumika ina asidi inayokula beringi zikiwa zimetulia. Kwa miaka miwili usiache petroli. Toa yote, mimina nusu lita ya oili tangini ulitikise pande zote, kisha washa hadi kabureta ikauke injini izime yenyewe. Toa plagi, tia kijiko kimoja cha oili kila silinda, zungusha kwa spana mizunguko miwili, rudisha plagi. Rejeta iwe na kulanti (maji yenye dawa ya kuzuia kutu), si maji matupu. Betri itoke ikakae kwa mtu wa kuichaji. Gari likae juu ya stendi chini ya ekseli, breki ya mkono iachiwe, pedeli ya klachi ibanwe chini kwa ubao.

Ndugu yako ana kazi hata hivyo: mara moja kwa mwezi, azungushe krankishafti kwa spana mizunguko miwili na robo. Ile robo ndiyo yenye maana, ili ringi na valvu zisilale mahali pale pale.

Ziba bomba la moshi na mdomo wa chombo cha hewa kwa matambara yenye oili, dhidi ya nyigu na panya. Funga utepe mwekundu kwenye kila tambara, kisha andika kwenye kadibodi orodha ya ulichokitoa na ulichokiziba, uitundike kwenye usukani.